Mikono Iliyokataa Kufunguka

Hakuna aliyewahi kuipa Nchi ile jina. Ili ukipe kitu jina sharti usimame nje yake, ukitazame kilivyo, na watu wa humo walizaliwa ndani, wakatumika ndani na wakavunjwa ndani. Jua hawakuwa nalo. Walichokuwa nacho ni mpigo uliotoka Ngomani, katikati ya Nchi, mpigo wa mara mbili mbili usiopumzika, na kwa huo walihesabu kila kitu: safari, umri, hata uchovu. Mpigo ukienda mbio, nao walikimbia. Ukipoa, walijikokota. Hakuna aliyeuliza nani anapiga, kwa kuwa anayeuliza ni mwenye nafasi, na nafasi yao yote ilikuwa imejaa mizigo.

Siwatu alikuwa mchukuzi. Kazi yake ilikuwa kupokea pumzi Vifukoni, mahali upepo wa nje unapoingilia, na kuipeleka kwenye vyumba vya Nchi, kila pembe, mpaka ncha za vidole. Sitajitia hamnazo: msomaji mwerevu ameshajua Nchi hiyo ni kitu gani, na vizuri ajue, maana na yeye anayo moja, na humo ndani mwake hivi sasa, anapogeuza ukurasa, akina Siwatu wanapita mbio migongo imewapinda. Lakini wao hawajui wanamtumikia nani. Hilo ndilo lililonitia huzuni nilipoanza kuisimulia habari hii, na huzuni hiyo haijanitoka.

Vifukoni ni hivi. Upepo huingilia juu, kwenye matundu mawili yenye vinyweleo, hupashwa joto, hutiwa unyevu, kisha hushuka katika bomba kubwa. Bomba hugawanyika mara mbili, na kila tawi likagawanyika tena, na tena, mpaka mwisho wa matawi yote kuna vifuko vidogo visivyo na idadi, kuta zake nyembamba kuliko utando wa kitunguu. Wachukuzi hupita nyuma ya kuta hizo mmoja mmoja, wamejibana. Hakuna mlango. Pumzi hupenya yenyewe kutoka palipojaa kwenda palipopungua, na mchukuzi huidaka. Ile hewa chovu waliyorudi nayo kutoka vyumbani nayo hupenya kuelekea upande wa pili, ikatolewa nje. Kila mchukuzi ana mikono minne. Akishaijaza yote huwaka wekundu, na wekundu huo ndio kibali chake cha njia.

Hawachagui wa kumpa. Hili ndilo geni kabisa kwa mtu wa nje. Mchukuzi akifika kwenye chumba kinachofanya kazi, hukuta joto na uchachu, na joto na uchachu vikimgusa, mikono hufunguka yenyewe. Chumba kilichotulia huambulia kidogo. Chumba kinachohangaika hupata zaidi. Walikuwa wakijisifia desturi hiyo, wakisema katika Nchi yetu hakuna upendeleo, mwenye haja ndiye anayepewa. Siwatu naye aliamini hivyo kwa muda mrefu.

Kabla ya kuitwa mchukuzi, mtu hupitia Mifupani, kwenye vyumba vya giza na mafuta alikozaliwa. Huko kila mmoja huwa na kiini chake. Ndani ya kiini mna habari zake zote: ni wa nani, amefanana na nani, angeweza kuwa nini. Siku ya kutoka, desturi ni moja tu. Unafika kizingitini, unakitoa kiini, unakiacha, unavuka. Wanaobaki nyuma hukimeza. Halii mtu, maana wameshaambiwa ni heshima: kiini kinakula nafasi, na nafasi ni ya mzigo. Ndiyo sababu wachukuzi husahau upesi. Lililosikiwa leo hudumu mizunguko michache, kisha linafifia, na baada ya siku mia na ishirini mwenyewe naye anafifia.

Siwatu alivuka kizingiti siku ambayo Nchi yote ilikuwa ikitetemeka. Upepo uliingia kwa mikupuo na kukatikia njiani, mpigo ulipotea hesabu, maji ya chumvi yalikuwa yakitoka huko juu. Wakubwa wa Mifupani walisema ni hali ya hewa. Akatoka hivyo hivyo, mtupu, katikati ya tetemeko lisilo na maelezo, na toka siku hiyo akawa na swali moja ambalo wenzake hawakuwa nalo. Anayebeba uhai bila kuuonja, je, yu hai? Maana wachukuzi hawaigusi pumzi wanayoibeba. Mikono minne imejaa, na mwenye mikono anajiendesha kwa sukari kidogo iliyochacha, basi.

"Dada, unajitafutia makubwa," mwenzake Machano alimwambia wakiwa wamebanana kwenye njia nyembamba ya nyuma ya vifuko. Walitoka Mifupani siku moja, na alipenda kumtania. "Mkono ukijaa twende, ukimwagika turudi. Hayo mengine waachie wenye viini."

"Na wewe hujawahi kutamani kuonja?"

"Kuonja nini? Mie hata harufu yake siijui. Sogea, unanikanyaga."

Kwenye njia panda ya shingoni, barabara ya kupanda Ghorofani inapoachana na nyingine, alikaa Pandu, msimamizi. Kazi ya Pandu ilikuwa moja na aliifanya kwa majivuno: kupima kama Nchi ina pumzi ya kutosha. Ikipungua, alipiga kengele, na kengele ikilia mbavu hufanya haraka, upepo ukavutwa kwa wingi. Alipenda kuwaona wachukuzi wekundu. "Safi," alisema kila walipopita. "Safi. Safi. Wewe hapo umepauka, kajaze." Kwake yeye wekundu na uzima vilikuwa kitu kimoja, na hakuna aliyekuwa amewahi kumpa sababu ya kufikiri vingine.

Ghorofani ndiko alikoishi Bi Mwatime. Chumba chake kilikuwa kidogo, mwisho wa ujia, na Siwatu alikifikia kwa bahati ya mzunguko tu. Lakini alikifikia mara nyingi, kwa kuwa chumba kile kilikuwa cha moto siku zote. Mikono yake ilifunguka kabla hajabisha hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ndo wewe tena? Kaa basi, ijapokuwa najua hamkai."

"Bibi, mbona chumba chako hakipoi?"

Bi Mwatime alicheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuulizwa jambo lile lile na wageni wasiokumbuka kuwa wameshaliuliza. "Hapa kila chumba kina amana yake," alisema. "Huyo jirani yangu Kibibi kahifadhi harufu ya maandazi. Wa kule mbele, namna ya kusuka nywele mistari minne. Mie n'na sauti moja tu, na mwenye Nchi anaitaka mchana kutwa. Ndo maana hapapoi."

"Sauti ya nani?"

"Ya mtoto wake. Raiye. Alikuwa akirudi skuli, akifika mlangoni husema: Mama, nimerudi. Basi, maneno mawili. Lakini alikuwa na namna yake ya kuyasema. Sikiliza."

Akaitoa. Ilikuwa sauti nyembamba yenye mkwaruzo kidogo wa kiu, na mwisho wa lile neno la pili ilipanda, kana kwamba mtoto alikuwa akiuliza, hana hakika kama kweli amefika. Siwatu, ambaye hakuwa na kiini cha kuhuzunikia wala cha kufurahia, alisimama akashindwa kuondoka. Waliokuwa nyuma yake wakaanza kumsukuma.

"Yuko wapi huyo mtoto sasa?"

"Siku uliyotoka Mifupani si ulikuta Nchi inatetemeka? Wakakwambia hali ya hewa." Bi Mwatime alimtazama kwa huruma. "Kilikuwa kilio, mwanangu. Ndo siku aliyozikwa. Wewe umezaliwa na msiba, hukuambiwa tu."

Kisha akamwambia jambo ambalo Siwatu alijitahidi kulishika kwa nguvu zake zote, akilirudia mzunguko baada ya mzunguko lisimponyoke. Huko chini, Bi Mwatime alisema, mnavunjwa na wengine wanazaliwa, ngozi inabanduka na nyingine inaota. Huku juu hatuzaliwi tena. Nikikosa pumzi kwa muda mchache tu, nakwenda, na sauti hii inakwenda na mie. Nyingine hakuna, popote.

Basi Siwatu akawa na kazi ndani ya kazi. Wenzake walipeleka pumzi kwenye vyumba. Yeye, moyoni mwake, kama neno moyo linamfaa asiye na kiini, alimpelekea Bi Mwatime. Siku zake zilikuwa zimekaribia mia na ishirini.

*

Haya yanayofuata nayajua mimi msimulizi. Siwatu hakuyajua.

Mwenye Nchi aliitwa Mize. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kukatika, na nguo za Raiye, zilizokaa sandukuni tangu mazishi, zilianza kutoa ukungu. Ndugu walishamwambia azitoe sadaka. Alikubali. Alizifua, zikakataa kukauka, na alasiri ile akaamua kwamba nguo za mtoto wake hazitatolewa sadaka zikinuka uvundo. Akaleta jiko la mkaa chumbani, akanyunyizia udi, akalifunika kwa tenga, na juu ya tenga akatandaza sare ya skuli, gauni la Idi, na mtandio mdogo mweupe. Watu wa kwao hufukiza nguo namna hiyo siku zote, lakini hufukiza kwa chetezo na vijikaa viwili vitatu, madirisha yakiwa wazi. Mize aliyafunga, mvua isiingie na udi usitoke. Akajilaza kidogo, aungojee ukolee.

*

Vifukoni upepo uliingia na harufu nzuri. Machano alikuwa wa kwanza kuusifu. Hawakujua kwamba ndani ya harufu ile amekuja Mgeni asiye na harufu, wala rangi, wala uzito wa kumtambulisha. Mikono ya mchukuzi imeumbwa kudaka pumzi, lakini Mgeni huyu inamdaka kwa hamu mara mia mbili zaidi. Akija mmoja kati ya mamia, ndiye atakayeshikwa. Hakuna aliyewafundisha kumkataa. Wangemkataaje, na hawakuwahi kufundishwa kutazama wanachobeba?

Siwatu alipata pumzi mkono mmoja. Mitatu ikamshika Mgeni. Akawaka wekundu ambao hakuwahi kuwaka, na kila aliyemtazama alikuwa hivyo hivyo, barabara nzima imeiva. Pandu alisimama pale njia panda akatoa macho kwa furaha.

"Hii ndiyo Nchi," alisema. "Safi. Safi. Wote safi. Leo hata mmoja hakupauka."

"Msimamizi," Siwatu alimwambia, "mikono yangu ni mizito. Sijui nimebeba nini. Piga kengele."

"Nipige kengele kwa rangi hiyo? Pita, unawazibia wenzako."

Kengele haikupigwa. Mbavu ziliendelea kupanda na kushuka taratibu, kwa utulivu wa mtu anayelala vizuri, na kila zilipopanda Mgeni aliingia tena. Nimewahi kujiuliza kama kuna huzuni kubwa kuliko hii: nchi kufa ikiwa na rangi nzuri, na aliyewekwa kuilinda akiisifu rangi hiyo kwa moyo safi kabisa. Pandu hakuwa mwovu. Alikuwa na kipimo kimoja, na kipimo chenyewe kilimwambia kila kitu ni sawa.

Siwatu alifika mwisho wa ujia. Chumba cha Bi Mwatime kilikuwa cha moto kupita siku zote, uchachu umejaa mpaka mlangoni. Akajiegemeza, akangoja mikono ifunguke.

Haikufunguka.

Funguka. Ni hapa. Joto hili hapa, uchachu huu hapa, ndivyo desturi inavyosema, mwenye haja hupewa. Funguka. Huu mmoja basi, huu wenye pumzi. Mbona na wenyewe umekaza? Kumbe hiki nisichokijua kikishika mitatu, na wa nne nao unakataa. Nimebeba. Nimeshika. Siwezi kutoa. Mikono ni yangu au ya nani? Nilidhani natoa. Siku mia na kumi na tisa nilidhani ni mimi ninayetoa.

"Mwanangu," Bi Mwatime aliita kutoka ndani, "umekuja?"

"Nimekuja, bibi."

"Mbona sipati kitu?"

"Ninayo. Ninayo hii hapa, imekataa kutoka."

Alisikia bibi akivuta kitu sakafuni, akijaribu kusogea mlangoni. "Basi nisikilize vizuri," Bi Mwatime alisema. "Kwanza linakuja Mama, fupi, limekatwa. Kisha nimerudi. Mwisho linapanda. Usisahau, mwisho linapanda. Mwombe yeyote mwenye nafasi aipokee..." Akaanza kuitoa ile sauti mwenyewe, ili Siwatu aishike. Akalifikia lile neno la pili, na hakulimaliza.

Siwatu alibaki mlangoni na mikono yake minne iliyojaa. Nyuma yake wachukuzi waliendelea kupita, wazuri, wekundu, na hakuna hata mmoja aliyetoa kitu. Alilia. Mtu ataniambia wachukuzi hawana cha kulilia. Mimi nasema alilia.

*

Mama Kheri, jirani, alikuwa amekuja kuzichukua nguo. Alibisha, akabisha, akasikia udi umekolea mpaka nje na mwenyeji haitiki. Alikuwa mwanamke wa kifua na mabega, akaupiga mlango kwa ubavu, akamshika Mize makwapani, akamburura mpaka barazani kwenye mvua. Upepo mpya ukaingia Vifukoni, mwingi, wa baridi, na Mgeni akaanza kuachia mkono mmoja mmoja, kwa shida, saa baada ya saa. Machano alitoa mzigo wake wa kwanza kwenye kidole cha mguu, akacheka peke yake. Ngomani mpigo ukarudi katika mwendo wake. Nchi ilikuwa imepona, na Pandu alitangaza kwamba siku zote alijua itapona.

Siwatu alipanda Ghorofani na mikono minne ya pumzi halisi. Chumba cha mwisho wa ujia kilikuwa cha baridi. Alisimama hapo muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, na mikono haikufunguka, maana hapakuwa na haja tena, na mikono haijui kuomboleza.

Siku zake zilikuwa zimekwisha. Alikuwa ameshaitwa Wenguni, kwenye ule mlango mwembamba ambao mchukuzi mzee asiyeweza tena kujikunja huvunjikia, mabaki yake yakachambuliwa, kilicho bado kizuri kikarudishwa Mifupani kwa ajili ya wengine. Hakuogopa. Alichoogopa ni kwamba sauti ile ilibaki kwake tu, na kwake vitu havikai. Akawa anairudia njia nzima. Fupi, limekatwa. Mwisho linapanda. Linapanda, au linashuka? Linapanda.

Ndipo maneno ya nje yakaingia Ghorofani, na ujia wote ukanyamaza kuyasikiliza.

"Mama Kheri," Mize alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nakumbuka kila kitu. Nakumbuka alivyozaliwa, nakumbuka kidonda chake cha goti. Namuona amesimama mlangoni, mdomo unasema mama, nimerudi. Lakini siisikii. Toka nilipoamka naitafuta, siisikii. Mama gani huyu anasahau sauti ya mwanawe siku ya kutoa nguo zake?"

"Umetoka kwenye moshi, mwanangu. Itarudi."

"Wewe ulikuwa ukimsikia kila siku. Alikuwa akisemaje?"

Mama Kheri alimsogelea. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na hakuweza kumnyima kitu mwanamke yule, akajaribu. "Mama, nimerudi," alisema kwa sauti yake nzito ya kifua, na mwisho wa neno akaushusha chini.

"Sivyo," Mize alisema.

Akamshika Mama Kheri mkono.

"Hebu tena."

Mama Kheri akarudia, vile vile.

"Labda ndivyo," Mize alisema, na akaanza kulia. "Ee. Labda ndivyo. Sema tena."

Katika chumba cha jirani, Kibibi, yule mwenye harufu ya maandazi, aliinuka. Chumba chake kilikuwa kimeanza kupata moto. Aliisogeza amana yake pembeni, akatoa nafasi, akafungua mlango, akamkuta Siwatu amesimama hapo.

"Dada, wewe ulikuwa ukimtembelea Bi Mwatime. Mie nilikuwa nikiisikia ukutani tu, kwa mbali, siijui vizuri. Inaletwa hii kutoka nje, naambiwa niihifadhi. Ndo yenyewe?"

Siwatu alifungua mdomo. Alilijua jibu, bado alikuwa nalo, lingedumu mizunguko miwili mitatu. Huko nje mwanamke alikuwa akisema sema tena, sema tena, na kilio chake kilikuwa kimeanza kushuka, na mbavu zilikuwa zimeanza kupata nafasi ya kuvuta upepo mpaka chini. Mikono ya Siwatu, yote minne, ilikuwa imeshafunguka kwa joto la chumba kile kabla hajaamua lolote.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Iweke."